Ini Lilipoficha Chuma

Habari ya kifo cha Mzee Ladislas ilinikuta darasani, chaki mkononi, na tangu hapo sijatulia. Nilimalizia kipindi bila kukaa, nikapanda ngazi kwenda ofisini, nikasahau nilichofuata, nikashuka. Kesho yake alfajiri nilikuwa ndani ya basi la kwenda Gisenyi. Makaratasi ya serikali yanasema Rubavu, lakini ndani ya basi kila mtu alisema Gisenyi, na mimi pia. Tulimzika kwao Cyanzarwe, viazi vimechanua maua meupe pande zote za kaburi. Baada ya mazishi nikapewa kiti na soda. Nikakaa dakika tatu, nikasimama. Nikakaa tena, nikasimama tena. Binti yake mkubwa akaniuliza kama kiti kina siafu. Nikamwambia hapana, ndivyo nilivyo siku hizi. Sikumwambia kwamba baba yake alinifundisha somo moja ambalo nami nimelifundisha kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwamba kila mwaka ninaacha nusu yake. Wanafunzi wangu huandika kwamba ini ndilo linalotengeneza transferini, protini inayosafirisha chuma katika damu, na kwamba ini huiongeza au kuipunguza kwa sababu maalumu. Wanaandika vizuri, wanafaulu. Nusu ninayoiacha ni mwanamke mmoja aitwaye Furaha, na jambo nililomfanyia. Ya kwetu, na namna tulivyorudi kutoka ukimbizini Karagwe, nayaweka kando. Hapa nataka kusimulia mwaka mmoja tu.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimetoka chuoni, nimepelekwa kufanya mazoezi kwenye maabara ya kituo cha afya kimoja cha Gisenyi, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Goma. Nilipanga mtaa wa Majengo, kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Zuhura, ambaye nusu ya ukoo wake ilikuwa Goma na nusu upande huu, Waislamu kwa Wakatoliki, wakigombana na kupelekeana sahani za pilau. Chumba kilikuwa kimoja, vitanda viwili, dirisha moja la mbao lililoelekea uani kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kitanda cha pili kilikuwa cha Furaha. Alikuwa amenizidi miaka kumi hivi, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Kazi yake ilikuwa mayai. Aliyanunua Mahoko siku za soko, mengine akayachemsha, mengine akayaacha mabichi, akavuka nayo kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière kila asubuhi kwenda kuyauza Goma, kikapu kichwani na kitenge kimezungushwa shingoni. Mimi nilimwita dada Furaha. Yeye aliniita mudogo.

Nilipenda chumba kile kuliko nilivyojua wakati huo. Jioni tulikula uani kwenye mkeka wa Mama Zuhura: sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga walioliwa wazima na vichwa vyao, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa hadi mafuta yakaelea juu, ugali wa muhogo unaovutika. Mama Zuhura alikuwa na kawaida ya kuzungumza na jirani yake juu ya ukuta huku sisi tukila, na kutoka kwenye mazungumzo hayo ya ukutani ndiko tulikojifunza nani ameachika, nani amezuiwa mpakani, volkano imetoa moshi wa rangi gani. Ndivyo nilivyosikia, kabla ya kuona mwenyewe, kwamba Furaha anaumwa. "Yule mpangaji wangu mrefu," Mama Zuhura alisema juu ya ukuta, akidhani maji ya bomba yanafunika sauti yake, "amekuwa mweupe ndani ya macho kama karatasi. Na chakula anakichezea tu." Nilimtazama Furaha. Alikuwa anachezea chakula kweli, anaufinyanga ugali kuwa tonge, anautua tena kwenye sahani. Aliinua macho akaona namtazama. "Usinitazame hivyo, mudogo," akasema. "Mi nimechoka tu. Ile kilima ya Mahoko iko mbali."

Asubuhi yake nilimburuta hadi kituoni. Nilikuwa na kiherehere cha kijana mwenye koti jeupe jipya. Nilimtoboa kidole mwenyewe, nikapima himoglobini, ikawa nane. Kwa mwanamke wa umri wake ilipaswa kuwa kumi na mbili au zaidi. Muuguzi aliyekuwa akigawa dawa, Béatrice, akaandika vidonge vya chuma: kimoja kwa siku, mwezi mmoja, na maneno yaleyale aliyomwambia kila mwanamke, kula maini, kula sombe, kula dodo, yaani mchicha. Furaha akacheka kwamba sombe amekula tangu hajaota meno. Mwezi ukaisha. Tukapima tena: nane. Béatrice akaongeza, viwili kwa siku. Mimi nikaenda sokoni nikamletea maini ya mbuzi, nikayakaanga kwa kitunguu, nikakaa mbele yake mpaka amalize. Alikula kwa adabu, kama mgeni anavyokula kisichompendeza. Mwezi wa pili ukaisha. Saba na nusu.

Ninajaribu kukumbuka ni siku gani hasa wazo lile liliingia kichwani mwangu, nashindwa. Najua tu liliingia kupitia mlango wa chumba cha dawa, uliokuwa wazi. Béatrice alikuwa anaongea na mwenzake. "Hawa wa Petite Barrière," alisema, "unawapa vidonge hapa, kesho vinauzwa Goma. Mtu anameza chuma miezi miwili damu isipande? Haiwezekani." Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja. Nilikaa na maneno yale siku nzima, na yalivyozidi kukaa ndivyo yalivyoeleweka zaidi. Kitabu changu cha chuo kilisema hivyohivyo: aliyepungukiwa chuma akipewa chuma, damu hupanda ndani ya wiki chache; isipopanda, uliza kwanza kama anameza. Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimekwishajijibu. Kesho yake Furaha alipokwenda kuoga nilifungua begi lake, nikaupekua mfuko wa nguo zake, nikapapasa chini ya godoro lake. Sikupata kitu. Badala ya kuona haya, nikajiambia: bila shaka, kwa kuwa amekwisha kuviuza.

Jumatatu ile ukumbi wa kituo ulijaa wanawake wa mpakani, wamepitia kabla ya kuvuka, vikapu miguuni. Furaha alikuwa kwenye benchi, anasubiri dawa za mwezi wa tatu. Nilitoka maabarani na kadi yake mkononi. Ningeweza kumwita ndani. Nimewaza jambo hili mara nyingi kuliko jambo lingine lolote maishani mwangu, kwamba mlango ulikuwa hatua nne nyuma yangu na ningeweza kumwita ndani. Nikasema palepale, kwa Kiswahili changu kilichonyooka cha Karagwe ambacho kila mtu alikisikia vizuri:

"Dada Furaha, sema ukweli. Vidonge unavimeza, au unaviuza Goma?"

Mwanamke mmoja akasema "Yewe!" kwa sauti ndogo, mwingine akajivuta kidogo kando, kama watu wanavyojivuta mbali na mwizi kabla hajapigwa. Furaha alinitazama, akakaza kitenge chake shingoni, akainama kuchukua kikapu. Ilimchukua mara mbili kukiinua. Akatoka bila dawa.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta ameketi kwenye mkeka chumbani, amevaa tayari. Mbele yake kulikuwa na mfuko wa plastiki. Akaumwaga. Zilikuwa karatasi tupu za vidonge, zile za fedha, zimetobolewa zote, nyingi, zimekunjwa vizuri mojamoja.

"Mi sijui kusoma tarehe," alisema. "Ile karatasi njo kalenda yangu. Kila moja ikiisha naiweka hapa, juu nijue siku ya kurudia kwenu. Tazama. Tazama muzuri, we mutu wa shule."

Nilipaswa kupiga magoti. Lakini ujana una ugumu wake, na wangu ulikuwa ule wa kuogopa kukosea mbele ya watu waliokwisha kunisikia. Nikasema, nasikia aibu kuandika, kwamba mtu anaweza kutoboa kidonge na bado akakiuza. Hakupandisha sauti. "Bon, sawa," akasema, akazirudisha karatasi kwenye mfuko, akachukua nguo mbili na kikapu, akaenda kwa dada yake Goma. Kitanda chake kikabaki kimetandikwa. Nilianza kurudi nyumbani kwa kuchelewa, nikizunguka ufukweni mwa ziwa mpaka miguu iume, kwa sababu sikuweza kukaa na kitanda kile.

Mzee Ladislas alikuwa mkuu wa maabara yetu, na wafanyakazi wa maabara tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Alisomea Bukavu enzi za zamani, na aliongea Kifaransa na mashine na Kiswahili na watu. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku aliyoondoka Furaha tulikula pamoja kwenye ngazi ya nyuma, viazi vya kuchemsha na maharagwe kwenye bakuli moja, na nikamweleza yote, nikitarajia aniunge mkono. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Karatasi tupu hazisemi kitu," akasema. "Na we pia husemi kitu. Mmoja anasema nimemeza, mwingine anasema hukumeza. Bon. Tuulize damu."

Alikuwa amehifadhi kioo chenye tone la damu ya Furaha la wiki iliyopita. Akakiweka kwenye darubini, akaniita. Chembe nyekundu zilikuwa chache, hilo nililiona. "Ukubwa wake?" akauliza. Nikasema wa kawaida, au ndogo kidogo. "Rangi?" Nikasema si mbaya. "Donc, basi. Mutu mwenye kukosa chuma miezi yote hii, chembe zake zinakuwa ndogo, zimepauka katikati kama pete. Hizi si pete. Hapa kuna kitu kingine, na kidonge chako hakikijui." Kisha akanieleza, huku mashine ya kuzungushia damu ikinguruma mezani, jambo ambalo chuoni nilikuwa nimelikariri bila kulielewa. Chuma, alisema, hakiruhusiwi kutembea peke yake katika damu. Kikiachwa huru kinachoma kila kinachogusa. Kinashikwa na transferini, na transferini inatengenezwa na ini. Ini halikai tu kutengeneza kiasi kilekile kila siku. Mwili ukikosa chuma, ini huongeza transferini, ili hata chembe ya mwisho ya chuma ipate wa kuibeba. Lakini kukiwa na ugonjwa uliojificha, uvimbe, vijidudu, ini hufanya kinyume: hupunguza transferini, na chuma hubaki kimefungiwa ghalani, ndani ya ini lenyewe na ndani ya chembe zinazokula uchafu wa damu. Na ini likiwa gonjwa lenyewe, au mtu akiwa na njaa ya muda mrefu, transferini hupungua pia, kwa kuwa mtengenezaji ameshindwa kazi au hana malighafi. "Kwa hiyo ukikuta chuma iko chini," alisema, "usikimbilie kidonge. Uliza transferini iko wapi. Ikiwa juu, amekosa chuma, na pengine kweli hamezi. Ikiwa chini, chuma anacho, ila amefungiwa. Na hapo, mademoiselle, utakuwa umemuonea mutu."

Kipimo hicho hatukuwa nacho. Kilikuwa Kigali, kwenye maabara kubwa alikokuwa na rafiki. Damu ilitakiwa ichukuliwe asubuhi, izungushwe, maji yake ya juu yawekwe kwenye barafu na kupelekwa. Furaha alipita kituoni siku ya tatu, kwa kuwa Mzee Ladislas alimtumia ujumbe, naye alimheshimu mzee. Alininyooshea mkono bila kunitazama. Nilifunga mpira kwenye mkono wake, nikachoma. Mshipa ulikuwa mwembamba, sindano nayo nyembamba, na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza kuwa karibu naye. Nikavuta kwa nguvu. Nikaisukuma damu kwenye chupa kwa nguvu vilevile. Ilipotoka kwenye mashine, maji ya juu ambayo yangepaswa kuwa ya manjano kama chai nyepesi yalikuwa ya waridi.

Mzee Ladislas aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu. "Hii ni damu ya mutu uliyegombana naye," akasema. Akaimwaga. Chembe zilikuwa zimepasuka, chuma chake kimemwagika ndani ya maji. Jibu lingetoka la uongo. "Utaenda kumuomba tena. We mwenyewe. Mi sitatuma ujumbe."

Nilimkuta Mahoko, siku ya soko, amechuchumaa mbele ya trei za mayai, anayainua mojamoja kwenye jua kuyachungulia. Nilikuwa nimefika kwa pikipiki na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilisimama nyuma yake nisijue nianzeje, hadi muuza mayai akamwambia kwa Kinyarwanda kwamba ana mgeni. Nikasema damu imeharibika, kosa ni langu, tunahitaji nyingine.

"We mutu wa ajabu," akasema bila kugeuka. "Umenitukana mbele ya batu, sasa unataka damu yangu mara mbili?"

"Ni kwa ajili ya kipimo, dada. Mzee anasema huenda..."

"Huenda nini?"

"Huenda unameza kweli."

Hapo akageuka. Sijasahau uso ule: mifupa ya mashavu imejitokeza, midomo haina rangi, na katikati ya vyote hivyo macho yenye kicheko cha uchungu. "Huenda," akasema. "Nitakuja. Si juu yako. Juu ya muzee." Akasimama ili alipie mayai, akayumba. Nilimdaka kiwiko. Aliuacha mkono wangu pale kwa pumzi mbili tatu, mpaka dunia ilipotulia, kisha akautoa kwa upole, kama mtu anavyotoa jani nguoni.

Safari hii Mzee Ladislas alichukua damu mwenyewe, polepole, akimuuliza bei za mayai. Maji ya juu yalitoka ya manjano safi. Yakaenda Kigali kwenye barafu, na mimi nikaanza siku kumi na moja ambazo sikula wala kukaa. Nilifua mapazia ya Mama Zuhura bila kuombwa. Nilipanga upya makabati ya maabara, nikayapangua. Nilikuwa natamani jibu fulani na sikuthubutu kujiambia ni lipi. Nikiandika leo naweza kusema: upande mmoja wangu ulitamani transferini iwe juu, ili niwe sikumuonea. Nilitamani rafiki yangu awe mwongo. Hicho ndicho kipande cha mwaka ule ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata Mzee Ladislas.

Karatasi ilifika Alhamisi. Chuma kilikuwa chini. Transferini ilikuwa chini. Akiba ya chuma mwilini, ile inayopimwa kwa feritini, ilikuwa juu. Nilisoma mistari ile mitatu mara nne. Vidonge vyote alikuwa amevimeza. Kila kimoja. Na sisi tulikuwa tumempa viwili badala ya kimoja, mimi nikamlisha maini juu yake, wakati mwili wake ulikuwa unakificha chuma kwa makusudi. Siku hizi tunajua zaidi kuliko tulivyojua pale: tunajua kwamba ini hutoa pia homoni, hepsidini, inayofunga milango ya utumbo na ya ghala ili chuma kisiingie katika damu. Mzee Ladislas hakulijua jina hilo. Lakini alijua sababu. "Vijidudu navyo vinakula chuma," alisema. "Ini linajua. Adui akiingia nyumbani, linafunga ghala. Na sisi tulikuwa tunamletea adui gunia kwa mlango wa nyuma." Akaagiza siku hiyohiyo asipewe kidonge tena. Tukapima ini lenyewe, tukapima homa ya ini, vyote salama. Ini lake lilikuwa zima, likifanya kazi yake. Basi adui alikuwa mahali pengine.

"Umeishi naye chumba kimoja," Mzee Ladislas akaniambia. "Nieleze anavyoishi."

Nikafungua mdomo kusema sijui, na yakaanza kutoka yenyewe. Shuka lake, lililoanikwa kila asubuhi kwenye kamba mbele ya dirisha letu, limelowa jasho. Nguo zake alizozipunguza mara mbili kwa sindano. Ugali anaoufinyanga. Na kitenge shingoni, kilichokuwepo jua likiwaka, kilichokuwepo akila, kilichokuwepo amelala. Niliviona vyote kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimepekua begi lake na sikuwa nimemuuliza kwa nini shuka lako limelowa.

Nilivuka kumfuata Goma saa ya mchana, kwa karatasi ya kuvuka ya siku moja, nikamkuta kwa dada yake mtaa wa Birere, kwenye chumba cha mbao chenye sakafu ya mawe meusi ya volkano. Dada yake alitutolea chai, akatupisha. Nilimwambia kwanza jibu la kipimo, lote, na maana yake. Alisikiliza bila kupepesa. Kisha nikamwomba avue kitenge. Aliweka kikombe cha chai chini. Akakifungua. Chini ya taya, upande wa kushoto, kushuka hadi kwenye mfupa wa bega, kulikuwa na mabonge matano au sita, makubwa kama mayai ya kware, yameshikamana.

"Nani atanunua yayi iliyochemshwa na mutu mwenye hii?" akasema. "Mi niliona ikianza kabla ya mvua. Nikasema itaisha. Nyinyi mukasema ni damu, nikafurahi. Damu haina haya."

Ilikuwa kifua kikuu cha tezi. Daktari aliingiza sindano kwenye bonge moja, na Mzee Ladislas aliviona vijidudu kwenye kioo kabla ya jioni. Tulimweleza kwamba aina hii haienei kwa kugusana wala kwa mayai, na mapafu yake yalipimwa yakawa safi. Dawa zilikuwa za bure, miezi sita, kumezwa mbele ya mhudumu. Ikabidi arudi upande huu, akarudi kwenye kitanda chake. Mama Zuhura alimpokea kwa supu ya kichwa cha mbuzi na akatangaza juu ya ukuta, safari hii kwa makusudi, kwamba mpangaji wake hana ugonjwa wa kuambukiza na atakayesema vingine aje amwambie yeye.

Watu wakisimulia kuugua na kupona, hurukia siku ya kupona. Mimi nakumbuka zaidi miezi ya katikati. Tuliishi vitanda viwili kama watu waliokutana kituo cha basi. Alinisalimu, nikamsalimu. Alimeza dawa mbele yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyepangiwa kumsimamia, na kila asubuhi, akishameza, alifungua mdomo wazi kabisa na kuinua ulimi ili nione kwamba hajaficha kidonge. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimwomba aache. "Apana," alisema. "Tazama." Na nilitazama, siku mia na kitu, ndani ya mdomo wa mwanamke niliyemwita mwizi. Shuka liliacha kuonekana kwenye kamba mwezi wa pili. Akaanza kumaliza ugali wake mwezi huohuo. Mabonge yakanyauka moja baada ya moja. Na mwezi wa nne, Mzee Ladislas akapeleka tena damu Kigali, na transferini ikarudi imepanda karibu na kawaida, himoglobini imefika kumi na moja, bila kidonge hata kimoja cha chuma. Ini lilikuwa limeona adui ameondoka, likafungua ghala lenyewe. Mzee Ladislas alinipa karatasi ile. "Mpelekee," akasema. "Na uende na maneno mengine, si karatasi tu. Najua hujayasema."

Nilimtafuta Petite Barrière. Ilikuwa asubuhi, foleni ndefu kama kawaida, wanawake na nyanya zao, magunia ya karoti, makopo ya maziwa, wabebaji wakisukumana, askari akipiga kelele watu wanyooshe mstari. Nilimwona kwa mbali kwa sababu ya urefu wake. Hakuwa na kitenge shingoni. Alikuwa katikati ya wanawake walewale wa benchi. Mmoja wao alikuwa yule aliyejivuta kando. Nilipita pembeni ya foleni hadi nikamfikia, pumzi juu, karatasi imelowa jasho mkononi.

"Dada Furaha, jibu limetoka. Umepona. Bado dawa umalizie, lakini damu imepanda."

"Nimesikia mwilini," akasema. "Aksanti." Akageuka kutazama mbele, ambako mstari ulikuwa umesogea.

Nikasogea naye. Nikakumbuka ule mlango uliokuwa hatua nne nyuma yangu. Hapa hapakuwa na mlango wowote. Nikasema kwamba vidonge vyote alivimeza. Kwamba hakuuza hata kimoja. Kwamba mimi nilipekua vitu vyake, nikamtukana mbele ya watu, nikakosea, na nilijua nimekosea kabla sijakubali, na namwomba anisamehe. Nilisema mara moja, bila kupumzika, nikitazama mayai kwenye kikapu chake. Aliyejivuta kando siku ile akatazama miguu yake.

Furaha hakusema amenisamehe. Alikipanga kikapu vizuri kichwani, akaitupia macho foleni yote nyuma yetu, iliyopinda kwenye ukuta na kupotea barabarani, kisha akanitazama kwa utulivu.

"Sema tena," akasema. "Bale ba nyuma habakusikia."

Nikageuka kuwaelekea wale wa nyuma, nikasema tena.